Zilpah na Rafu ya Bara

Hoteli ya Zilpah Akeyo pale Karungu haikuuza chai. Mtu akifika na vumbi lake la njiani, akaketi, akaagiza chai ya maziwa, alijibiwa papo hapo kwamba Msabato wa kweli haweki majani ya chai nyumbani mwake, na kama anataka kitu cha moto basi upo uji wa wimbi, anywe au aende zake. Wengi walikunywa. Samaki kamongo naye hakuingia katika sufuria ile, maana hana magamba, hata wavuvi wangemleta bure. Sasa utauliza, hoteli ya namna hiyo ilipata wapi wateja? Ilipata kwa redio. Hapakuwa na redio kubwa kama ile soko zima, zawadi ya mwanawe Fanuel aliyefanya kazi reli kule Nakuru, na taarifa ya habari ilipokaribia wanaume walijaa mpaka mlangoni. Sheria ya nyumba ilikuwa moja tu: anayesikiliza, anakunywa uji.

Zilpah alizaliwa milimani Gwassi, ndiyo maana Karungu nzima walimwita Nyar Gwassi, binti wa Gwassi, kama Waluo wanavyomwita mwanamke kwa kwao hata akiwa na wajukuu. Aliolewa na Maurice Owuor, mwanamume mpole mno, wakapewa shamba ambalo hakuna mwingine aliyelitaka. Lilikuwa chini kabisa, limejaa mawe, juu yake shamba la Javan Obonyo, binamu wa Maurice, na chini yake ziwa. Watu walicheka. Zilpah hakucheka. Alishika jembe, Maurice akashika mawe, na baada ya miaka michache waliocheka wakawa wanakuja kuomba mbegu ya mtama. Halafu Maurice akafa, homa ikamchukua upesi, na Zilpah akabaki na shamba na mtoto na mdomo wake.

Zikaja zile mvua za mwaka wa sitini na moja. Jamani, mvua! Ilinyesha kana kwamba huko juu wamesahau kufunga mlango. Ziwa likapanda, likaendelea kupanda mwaka baada ya mwaka, hata Uhuru wenyewe ulipokuja ulilikuta linapanda. Lilimeza mitumbwi iliyofungwa, likameza maghala, likala shamba la Zilpah kuanzia chini kwenda juu, mpaka siku moja akasimama kwenye ua wa Javan akaona maji yanagusa ua. Shamba lote lilikuwa limekwenda. Alilia siku hiyo, tusimfiche. Kesho yake akafungua hoteli.

Ziwa nalo lina tabia zake. Baada ya mwaka wa sitini na nne lilianza kurudi nyuma, kidogo kidogo, na pale lilipotoka likaacha udongo mweusi, laini, wa kutamanisha. Zilpah aliuangalia akisubiri ukauke vizuri. Javan hakusubiri. Asubuhi moja Zilpah alikuta viazi vitamu vimepandwa matuta mazuri kwenye udongo ule, na Javan mwenyewe ameegemea jembe.

"Shemeji," Zilpah akamwambia, "viazi vyako vimepotea njia."

"Havijapotea, Nyar Gwassi. Shamba yako ilikufa. Hii ni ingine. Ziwa imezaa, na imezalia kwa mlango wangu."

"Ziwa imezaa! Na wewe ndiye mkunga?"

Walitukanana mpaka jua likawa kali. Lakini maneno hayakung'oa viazi, na mwaka wa sitini na tisa mambo yakawa mazito, maana Serikali ilileta upimaji wa mashamba. Kila kipande kingepimwa, kiandikwe jina la mwenyewe, na ukishaandikwa umeandikwa. Atakayekosa siku hiyo amekosa yeye na kizazi chake. Kamati ya ardhi ilikaa, mwenyekiti wake akiwa mzee Zadock, mtu mwema anayeogopa kelele, na kwa kuwa Javan alikuwa na kelele nyingi na ndugu wengi kwenye kamati, ikaamuliwa kwamba udongo ule unafuata shamba la Javan. Zadock alimweleza Zilpah akitazama pembeni.

"Lakini una haki ya kupinga," akaongeza. "Unaenda Homa Bay kwa afisa wa ardhi."

"Nitaenda. Nikimwambia nini?"

"Hiyo sasa utajua wewe."

Zilpah hakujua. Alijua shamba ni lake kama anavyojua mkono wake, lakini mtu wa ofisi haamini mikono. Alilifikiria jambo hilo akikoroga uji, na akawa bado anakoroga jioni ile redio iliposema neno.

Msomaji wa habari alikuwa na Kiswahili cha kunyooka, cha watu wa pwani. Alisema Kenya imejiunga na mapatano ya mataifa kuhusu rafu ya bara.

"Rafu!" mvuvi mmoja akaruka. "Mnasikia? Bara wamecheza rafu!"

"Wamecheza na nani?"

"Si Pwani! Hao hupigwa viatu kila mwaka wananyamaza. Safari hii wameshtaki."

Hoteli ikawaka moto. Mmoja anasema refa alinunuliwa, mwingine anasema watu wa Pwani wanaanguka hata wakipulizwa, kumbe hakuna aliyejua mechi yenyewe ni ipi. Zilpah alipiga mwiko kwenye sufuria.

"Nyamazeni, nyinyi! Tangu lini mataifa wanatia sahihi kwa sababu ya mpira?"

Akasimama palepale, mwiko mkononi, akawaza. Bara ni sisi, watu wa huku juu. Rafu ni kumkanyaga mwenzako na kumnyang'anya chake refa akiwa hatazami. Basi kama Serikali imetia sahihi kukomesha rafu ya bara, na Javan ni mtu wa bara, na viazi vile ni rafu isiyo na mfano, mbona jibu limekuja lenyewe kupitia kwenye redio? Alifurahi hata akawaongezea watu uji bila kuombwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Akapanda lori la pamba kwenda Homa Bay, kiti cha mbele, kwa sababu dereva alijaribu kumkalisha juu ya magunia na akajuta.

Afisa wa ardhi aliitwa Bwana Shee, mtu wa Lamu, mwembamba, mwenye miwani, aliyeletwa Homa Bay hivi karibuni na bado hajazoea kwamba watu humwamkia wakiwa wanakimbia. Zilpah aliingia, akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Nimekuja kushtaki rafu ya bara," akasema.

"Rafu ya nini, mamangu?"

"Ya bara. Redio imesema. Mmetia sahihi, au mmeshageuka?"

Bwana Shee alivua miwani. Alimwomba aeleze, na Zilpah akaeleza yote, Javan na viazi na mkunga wa ziwa, na alipofika kwenye mechi ya Bara na Pwani yule afisa aliinamisha kichwa mezani na mabega yakaanza kumtikisika. Zilpah alingoja. Hakuona cha kuchekesha.

"Uniwie radhi, Bi Zilpah," alisema mwisho, akifuta macho. "Wallahi sikucheki wewe. Mimi tangu nije huku hakuna aliyenitajia bahari hata mara moja, na leo umeniletea nzima nzima. Sikiliza. Nyumbani una ubao ukutani wa kuwekea vyombo?"

"Ninao."

"Kwetu huo huitwa rafu. Na bara si watu wa juu tu, bara ni nchi kavu yote, hii Afrika nzima. Sasa nchi kavu ikifika baharini haikatiki ghafla kama ukuta. Inateremka taratibu chini ya maji, mwendo mrefu, kama rafu iliyofunikwa, kisha ndipo inaporomoka kwenye kina. Ile sehemu ya chini ya maji ndiyo rafu ya bara. Mataifa yamekubaliana kwamba ni ya nchi yenye pwani ile. Mpaka kina cha mita mia mbili, na hata kupita hapo, kadiri mtu atakavyoweza kufika na kuchimba."

Zilpah alisogeza kiti. "Hata kama hao wenye nchi hawajaingia huko chini?"

"Hata kama hawajatia mguu. Hawahitaji kukaa huko wala kupiga mbiu. Mwingine akitangulia kuchimba bila ruhusa yao hapati haki yoyote. Ni yao kwa kuwa ni nchi yao ileile, imeendelea chini ya maji. Mwaka huuhuu Wajerumani na majirani zao wamepelekana mahakamani kwa ajili hiyo, na mahakama imesema vivyo hivyo."

"Basi ardhi iliyo chini ya maji ina mwenyewe!"

"Ina mwenyewe. Lakini tusidanganyane, hiyo ni sheria ya mataifa na bahari. Mimi napima mashamba, na hili ni ziwa."

"Maji ni maji," Zilpah akasema. "Na Javan ni Mjerumani."

Bwana Shee alicheka tena, lakini akaipokea pingamizi, akaahidi kuja Karungu mwenyewe kuona mahali.

Na hapa ndipo Zilpah alipokosea, kosa la mdomo wake. Mtu mwingine angerudi akanyamaza. Zilpah alirudi akahubiri. Jioni ile, kesho yake, na siku zilizofuata, kila aliyeingia kunywa uji alisomewa rafu ya bara kutoka mwanzo. Alichukua bakuli akaonyesha bahari, akatia mwiko akaonyesha nchi inavyoteremka. Aliwaambia kuhusu mita mia mbili na kuhusu kadiri mtu awezavyo kufika. Hata Javan alikuja, Javan ambaye hakuwahi kukanyaga hoteli ile, akaketi pembeni, akanywa bakuli mbili za uji akisikiliza kwa adabu, akaaga, akaondoka anatabasamu.

Mzee Zadock alimngoja mpaka watu wakapungua.

"Nyar Gwassi, hiyo sheria yako ni tamu. Lakini nisaidie. Ardhi ya chini ya maji inafuata ile shamba imegusa maji?"

"Ndiyo."

"Na leo shamba gani imegusa maji?"

Zilpah aliweka mwiko chini. Shamba lililogusa maji tangu mafuriko lilikuwa la Javan. La Zilpah lilikuwa limemezwa. Kwa sheria ileile aliyoibeba kwa lori kutoka Homa Bay, akaitangaza yeye mwenyewe soko zima, Javan ndiye alikuwa nchi yenye pwani na shamba la Zilpah ndilo rafu. Alikuwa amejitia kitanzi, tena kwa kutumia mwiko wake.

Aliogopa. Siku zote hizo alikuwa na hasira tu, na hasira alizijua namna ya kuishi nazo, lakini hofu hii hakuizoea. Aliona jina la Javan limeandikwa pale ambapo yeye na Maurice waliinamisha migongo. Kisha kuogopa kwenyewe kukamuudhi. Alijiambia kwamba mtu aliyelima mawe hashindwi na mtu aliyelima maneno, akalala usingizi wake wote.

Bwana Shee alikuja na karani wake, na watu walijaa ufukweni kama siku ya ubatizo. Zilpah alivaa gauni lake jeupe la Sabato ingawa ilikuwa Jumatano. Afisa akamruhusu Javan aanze, na Javan akatema yote aliyoyanywa na uji.

"Bwana afisa, mimi nasimama na sheria ya mataifa. Rafu ya bara! Shamba yangu ndiyo imefika kwa maji, kwa hivyo yote iko chini ya maji ni rafu yangu. Na sheria imesema kadiri ya uwezo. Mimi nimeweza. Nimelima. Huyu mama ameweza nini? Kupika uji."

Watu walinong'ona, maana hoja ilikuwa na mifupa. Bwana Shee mwenyewe alikuna kidevu.

"Umefunzwa vizuri," akasema, akimwangalia Zilpah kidogo. "Lakini umeruka jambo. Hiyo kadiri ya uwezo si ya kila mwenye jembe, ni ya mwenye pwani peke yake. Kwa hivyo kwanza tujue pwani iko wapi. Na pwani, kwa sheria hiyohiyo, haihesabiwi pale maji yanapojaa. Huhesabiwa kutoka pale maji yanapokupwa."

"Ndiyo!" Javan akapaza sauti, akageukia watu, mikono juu. "Mmesikia nyinyi wote? Pale maji yanapokupa! Mimi yamenipa! Si nilisema? Maji yenyewe yamenipa!"

Ndugu zake wakapiga makofi. Wengine pia wakaitikia kwa vichwa, maana kama Serikali inasema shamba ni la yule ambaye maji yamempa, basi kesi imekwisha. Bwana Shee aliwatazama kwa mshangao, mpaka kilipomwingia walichosikia.

"Sikusema kupa, ndugu zangu. Kupwa! Kwetu bahari hujaa na hupwa kila siku. Ikijaa inapanda ufukweni, ikipwa inarudi chini, unaona mchanga na mawe mpaka mbali. Sasa mtu haambiwi nchi yake inaishia pale maji yalipopanda. Nchi yake ni mpaka pale maji yanaporudi chini kabisa. Pwani huanzia hapo, na rafu huanzia mbele ya hapo."

Pale ziwani maji hayaji na kuondoka kila siku, na ni wazi neno lenyewe hawakuwahi kulihitaji. Zilpah ndiye aliyelishika kwanza. Ulimwona akilirudia kwa midomo, kupwa, kupwa, kisha uso wake ukakunjuka wote.

"Bwana Shee! Ziwa yetu pia inapwa! Lakini yenyewe ni mvivu, inachukua miaka. Ilijaa mwaka ya sitini na moja, mpaka sasa inapwa!"

Watu walilipuka kwa kicheko. Bwana Shee hakucheka. Alisema polepole kwamba hajawahi kulifikiria hivyo, lakini haoni kosa ndani yake. "Ila nionyeshwe," akaongeza. "Kabla ya mvua zile, maji yalikuwa yanarudi mpaka wapi?"

Kamati ikaanza kuonyesha, huyu anaelekeza kidole huku, yule kule, na Javan akasema ukweli ni kwamba hakuna ajuaye, maji yamefunika kila kitu, aandikwe yeye watu waende nyumbani.

"Mimi najua," Zilpah akasema. "Mawe yote tulitoa kwa shamba, mimi na Maurice, tulitupa chini mwisho kabisa, mahali udongo ilikutana na maji. Yalikuwa mengi kama nyumba. Maji haibebi mawe kama hayo."

"Yako wapi?"

Zilpah alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akapita katikati ya viazi vya Javan, akaingia ziwani na gauni lake jeupe.

"Nyar Gwassi!" Zadock akaita. "Kuna kiboko huko! Na hujui kuogelea!"

"Kiboko ni jirani mzuri kuliko wengine! Shemeji Javan, si una uwezo? Kuja basi, tuone kadiri yako!"

Javan alitazama maji, akatazama ndugu zake. Alisogea mpaka maji yakamfika magotini, akasimama. Zilpah aliendelea. Maji yakamfika kiunoni, gauni likaelea likimzunguka, yakafika kifuani, na kila hatua aliitafuta kwanza kwa kidole cha mguu. Wanawake ufukweni walianza kuomba kwa sauti. Yakafika mabegani. Hapo aliyumba, akazama mpaka kidevuni, mtu mmoja akapiga kelele, na wakati huohuo wakamwona anapanda. Anapanda kweli, kana kwamba kuna ngazi. Mabega yakatoka, kifua, kiuno, akasimama katikati ya ziwa na maji yakimfika magotini, anatetemeka, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Yako hapa!" akapiga ukelele. "Maurice, yako hapa yote! Bwana Shee, lete kigingi!"

Bwana Shee alivua miwani, akavua viatu. Alichukua kigingi na nyundo, akaogelea kama mtu aliyerudi kwao, akapanda juu ya lile rundo la mawe akasimama kando yake.

"Mpaka ni hapa," akatangaza kuelekea nchi kavu. "Kutoka ua wa Bwana Javan hadi hapa ni shamba, si ziwa. Maji yamelipitia tu. Na kinachoteremka mbele ya mawe haya kinalifuata shamba hili."

Javan alitoka majini, akaketi kwenye matuta ya viazi. Mzee Zadock alikuwa amepata sauti yake.

"Afisa!" akaita. "Andika Fanuel, yule kijana wake wa Nakuru. Ama andika marehemu."

Karani alikuwa ameshainua kalamu. Bwana Shee alimgeukia Zilpah.

"Tumwandike nani, Bi Zilpah?"

Zilpah alifuta uso kwa kiganja. "Fanuel iko Nakuru. Maurice Mungu amemlaza. Hapa juu ya mawe unaona nani?"

"Nakuona wewe."

"Basi andika mwenye unaona."

Bwana Shee alilitamka jina lake kwa karani mara mbili, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Zilpah aliichukua nyundo mkononi mwake, akakipigilia kigingi mwenyewe.